Tathmini: Koromeo la ng'ombe lililogandishwa kama chakula cha mbwa

Bidhaa ninayoitathmini ni koromeo la ng'ombe lililokatwa vipande vikubwa, likachanganywa na mapafu kidogo, likagandishwa na kuuzwa katika pakiti za kilo moja moja kwa ajili ya mbwa. Hapa Dar es Salaam wapo wauzaji wadogo wanaopokea oda kwa simu na kuuleta mzigo nyumbani kwa bodaboda. Yule niliyenunua kwake sitamtaja, kwa sababu ninayotaka kuyasema yanahusu namna chakula hiki kinavyoandaliwa zaidi ya duka moja, na mwenye mbwa anayemlisha mabaki ya shingo kutoka bucha la mtaani kwake anahusika vilevile.

Nianze na sifa zake, maana zipo. Bei yake ni chini ya nusu ya bei ya nyama ya kawaida, pakiti hufika ikiwa imeganda sawasawa bila kuvuja, na nyama ikiyeyuka haitoi harufu ya kuoza. Gegedu za bomba la hewa humpa mbwa kazi ya kutafuna, na mbwa aliyezoea ugali wa dona na dagaa huikimbilia sahani kwa pupa. Kwa vigezo hivyo peke yake ningeipa alama za juu.

Dosari yake ni moja, lakini ni kubwa: koromeo lisiposafishwa huja na tezi ya thairoidi ya ng'ombe, yaani kiungo kidogo cha shingoni kinachotengeneza homoni ya kuendesha kasi ya mwili, na mbwa anayeila tezi hiyo siku baada ya siku anakula homoni. Mbwa wangu, jike la aina ya German Shepherd, alilishwa chakula hiki kwa miezi kadhaa kama mlo wake mkuu. Alianza kupungua uzito huku akila kuliko zamani, akawa anamaliza bakuli la maji na kurudi kulitafuta tena, anakojoa mara nyingi, na usiku hatulii mahali pamoja. Alikuwa akihema ulimi nje hata alfajiri, wakati sakafu bado ina ubaridi. Katika jiji lenye joto kama hili ni rahisi sana kudhani kuwa mbwa anahema kwa sababu ya hali ya hewa, na ndiyo maana dalili hii inastahili kuangaliwa saa za ubaridi, si mchana.

Daktari wa mifugo aliyemwona alifanya kazi ambayo ningependa kila daktari aifanye. Alimpima mapigo ya moyo, yakawa ya kasi. Akapapasa shingo pande zote mbili za bomba la hewa akitafuta uvimbe, asiupate. Akaagiza vipimo vya mkojo na damu ili kuondoa shaka ya kisukari na ugonjwa wa figo, kwa kuwa magonjwa hayo nayo humfanya mbwa anywe maji kupita kiasi. Majibu ya damu yalionyesha thairoksini, yaani homoni inayotengenezwa na tezi hiyo, iliyopanda juu ya kiwango cha kawaida, huku homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi ikiwa chini kabisa. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia, nalo ni kwamba mbwa huyu anakula nini hasa, na akataka nimwonyeshe pakiti.

Maelezo aliyonipa yanafaa kujulikana na kila anayefuga mbwa. Thairoidi kuzidi nguvu ni ugonjwa wa paka zaidi kuliko mbwa. Kwa mbwa tatizo la kawaida ni kinyume chake, yaani tezi inayolegea, ambapo mnyama hunenepa, huwa mvivu na hunyonyoka manyoya. Kwa hiyo homoni ikizidi kwa mbwa, daktari makini huanza kutafuta sababu tatu. Ya kwanza na ya kutisha zaidi ni saratani ya tezi yenyewe, ambayo huwapata zaidi mbwa wenye umri mkubwa na huonekana mara nyingi zaidi katika aina kama Boxer, Beagle, Golden Retriever na Siberian Husky. Uvimbe mwingi wa aina hiyo hautoi homoni ya ziada, ila sehemu ndogo yake hutoa. Ya pili ni dawa: mbwa anayetibiwa tezi iliyolegea kwa vidonge vya thairoksini anaweza kupewa kiasi kinachozidi mahitaji yake, ingawa mwili wa mbwa huiondoa homoni hiyo haraka kuliko wa binadamu na hivyo huvumilia kwa kiasi fulani. Ya tatu ni chakula, nayo ndiyo inayoihusu pakiti hii.

Jambo hili si dhana ya daktari mmoja. Mwaka 2012 madaktari wa wanyama nchini Ujerumani walieleza habari za mbwa 12 waliokuwa na thairoksini iliyopanda, wote wakiwa wanalishwa nyama mbichi au makoo ya ng'ombe, mabichi au makavu. Nusu yao walikuwa na dalili kama kukonda, ukali, kuhema na mapigo ya kasi ya moyo, na nusu nyingine hawakuonyesha dalili yoyote, jambo linaloniogopesha kuliko yote. Mlo ulipobadilishwa, waliofuatiliwa walirudi katika hali nzuri bila kuhitaji upasuaji. Mwaka 2015 ikafuata taarifa ya mbwa 14 nchini Marekani, na mwezi Machi 2017 vyakula viwili vya makopo vya kampuni za Blue Buffalo na WellPet viliondolewa madukani huko kwa sababu ya homoni ya tezi ya ng'ombe iliyokutwa ndani yake. Ikiwa viwanda vikubwa vyenye maabara vilipitiwa na kosa hilo, mchinjaji mwenye panga na gogo hawezi kulaumiwa sana kwa kutojua. Anachohitaji ni kuelezwa.

Wapo watakaosema dawa ni kuchemsha. Nami nilitamani iwe hivyo, kwa sababu kuchemsha nyama ya mbwa ni desturi nzuri inayoua minyoo na vijidudu vingi. Lakini homoni hii haiharibiki kwa moto wa jikoni. Ushahidi wake unatoka kwa binadamu: mwaka 1984 na 1985, watu 121 katika majimbo ya Minnesota, South Dakota na Iowa huko Marekani waliugua kwa thairoidi kuzidi baada ya kula nyama ya kusaga iliyopikwa, iliyokuwa imechanganywa na minofu ya koo yenye tezi ndani yake. Baadaye ukataji huo wa minofu ya koo kwa chakula cha binadamu ulipigwa marufuku nchini humo.

Niliyeyusha pakiti iliyobaki kwenye beseni nikaikagua kipande kwa kipande, na ninashauri mwingine afanye hivyo kabla ya kulisha. Pete nyeupe za bomba la hewa hutambulika mara moja. Chini kidogo tu ya kifundo cha sauti, penye pete za mwanzo, zilikuwepo nyama mbili bapa, moja kila upande, zenye wekundu mzito unaoelekea kahawia, laini kuliko msuli na zisizo na nyuzinyuzi ndefu za msuli, zimeunganishwa kwa utepe mwembamba uliopita mbele ya bomba. Hiyo ndiyo tezi. Inatoka kwa kisu kikali bila shida pale koromeo linapokuwa zima. Likishakatwakatwa, kuipata yote ni bahati, na likishasagwa haiwezekani tena, kwa hiyo koromeo la kusaga nisingelinunua kwa bei yoyote.

Kuhusu mbwa wangu, daktari hakumpa dawa ya tezi. Aliagiza koromeo liondolewe kabisa na damu ipimwe tena baada ya wiki kadhaa, akanieleza wazi kwamba homoni ikikataa kushuka ataomba picha ya shingo kutafuta uvimbe uliojificha. Ilishuka ikarudi mahali pake, na uzito ukaanza kurejea. Sasa anakula moyo, bandama na utumbo uliooshwa, pamoja na ugali na dagaa kama zamani. Yeyote anayekuta uvimbe kwenye shingo ya mbwa wake asijaribu kwanza kubadilisha chakula. Aende kliniki mara moja.

Nilimpigia muuzaji. Alinisikiliza kwa heshima, akasema wao huchukua makoromeo machinjioni yakiwa mazima na kuyakata bila kuondoa chochote, na kwamba hakuna mteja aliyewahi kumuuliza habari ya tezi. Aliahidi kuzungumza na wachinjaji wake. Pakiti zake bado zimeandikwa "nyama ya ng'ombe" tu, bila kutaja koo, na kwa hali hiyo ninaipa nyota mbili kati ya tano: moja kwa usafi na nyingine kwa bei. Tezi ikianza kuondolewa kabla ya kukata na lebo ikasema hivyo, nitainunua tena kama kitafunwa cha mara mojamoja. Kwa sasa siipendekezi kwa mbwa yeyote, na hasa kwa mbwa mwenye ugonjwa wa moyo au aliye tayari kwenye vidonge vya thairoksini.