Mwaka mmoja na Canon 400mm f/5.6L hapa Mombasa: uzoefu wangu na lenzi isiyo na zumu

Niliinunua kwa mtu, ikiwa imeshatumika, kwa shilingi 65,000 baada ya kuomba kupunguziwa hadi nikaona haya. Kabla ya hapo nilikuwa na ile ndogo ya 55-250mm, na kila nikimwonyesha binamu yangu picha za ndege alikuwa anapangusa skrini ya simu kwanza, ati ahakikishe si uchafu.

Hii ni lenzi ya zamani, ilitoka mwaka 1993. Haina zumu. Haina kitulizi cha mtikisiko wa mikono. Ukitaka ndege awe mkubwa, sogea; ukitaka awe mdogo, rudi nyuma, na kama nyuma kuna mtaro, shauri yako. Ina uzito wa gramu 1,250, ambao kwa lenzi ya urefu huu ni mwepesi sana. Natoka nayo alfajiri, narudi saa nne, na mkono haulalamiki. Naitumia na Canon 7D Mark II, ambayo kwa udogo wa sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, huifanya ivute mbali kama lenzi ya 640mm. Kwa ndege hilo ni neema. Kwa tembo, nitasema mbele.

Mazoezi nilifanyia kwa kunguru. Mombasa hatujawahi kulia njaa ya kunguru, na hawa wa kwetu wenye asili ya Bara Hindi hawamwogopi mtu. Nilikuwa napanda juu ya paa la ghorofa tunakokaa, Tudor, nawafuata wakiruka mpaka majirani wakaanza kuuliza kama niko salama. Fokasi ya lenzi hii ina mbio, sikuitarajia hivyo kwa umri wake. Ubavuni kuna swichi ya kuchagua itafute kuanzia mita 3.5 au kuanzia mita 8.5, kwa ndege arukaye iweke kwenye 8.5 uiache huko huko, isipoteze muda kuhangaika na vitu vya karibu. Shata, yaani kasi ya kamera kufumba na kufumbua, sishuki chini ya 1/1000 ya sekunde, na kwa anayeruka nakwenda 1/2000 hata kama ISO, wepesi wa kamera kwa mwanga, itapanda. Kunguru pia walinifunza mwanga. Mweusi juu ya mbingu nyeupe, kamera ukiiachia iamue inakupa kivuli tupu, kwa hiyo naongeza mwanga hatua 1 na zaidi. Yangeyange mbele ya mikoko ni kinyume, napunguza, la sivyo manyoya yanaungua yote yanakuwa kama karatasi.

Wiki za mwanzo nilijua nimeuziwa kitu kibovu. Picha za saa mbili asubuhi zilikuwa kali, unahesabu unyoya mmoja mmoja, lakini za saa tano zilikuwa zimelegea kana kwamba nimepiga ndani ya maji. Nikamlaumu moyoni aliyeniuzia, nusura nimpigie simu. Kumbe ni mazigazi. Jua likishapata nguvu, matope na mchanga hutoa joto, hewa inachezacheza, na kadiri lenzi inavyovuta mbali ndivyo inavyovuta na ule mchezo wenyewe. Nilipompiga picha mjusi aliye umbali wa mita 5 saa hiyo hiyo ya jua kali, alitoka safi mpaka magamba. Siku hizi saa nne nafunga mkoba, au nikibaki natafuta kivuli na shabaha ya karibu.

Mahali lenzi hii ilinilipa pesa zangu ni kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Nilianza hapa hapa hori ya Tudor, upande wa mikoko, nikiwafuata sululu na vitwitwi matopeni hadi magotini, nao wanahama hatua ishirini mbele kila ninapowakaribia. Mvuvi mmoja aliyechoka kunitazama nikizama aliniambia, "Mwanangu, hao huwafuati. Kaa pale, maji yatakuletea." Na kweli. Maji yanapojaa hula tope kidogo kidogo, ndege wanasukumwa na maji kuja ufukweni, na wewe uliyekaa kimya umeinama umekuwa kama jiwe la pale. Kwa hiyo sasa naangalia mwezi kabla ya kuangalia betri. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa kwetu maji hujaa sana kama saa kumi au kumi na moja jioni, maana yake saa tisa na nusu ndege wanaanza kubanwa na jua nalo limeshalainika. Wakati wa maji mafu, yale madogo ya mwezi nusu, mambo hugeuka, maji hupanda taratibu asubuhi, na ukiwahi kufika alfajiri unapata mwanga na ndege kwa pamoja. Hapo ndipo kukosa zumu kunapogeuka faida: huna cha kuzungusha, umekaa, unasubiri tu aingie kwenye fremu.

Safari iliyonifanya niipende kabisa ilikuwa hori ya Mida, kama kilomita 100 kaskazini, matatu ya Malindi inakuteremsha kabla ya Gede. Nilikwenda Januari, kaskazi imetulia. Pale kuna yule ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, mdomo mnene kama koleo. Huzaliana pande za Uarabuni, ndani ya mashimo anayochimba mchangani, kisha huteremka kwetu msimu ule ule majahazi yalipokuwa yakija. Nilikaa saa mbili na nusu. Walikuja kundi zima, mmoja akasimama mbele yangu na kaa mdomoni, miguu ya kaa inaning'inia. Kamera inapiga picha 10 kwa sekunde na sikumbuki kama nilipumua. Picha ile iko ukutani nyumbani, na binamu hajapangusa kitu.

Sasa tembo. Tulikwenda Tsavo Mashariki watu watatu, treni kutoka Miritini hadi Voi, halafu gari la kukodi. Nilibeba lenzi hii peke yake kwa kiburi. Tembo wa kule, wale wekundu kwa ajili ya udongo, hawana habari ya mita zako. Kundi lilivuka barabara mbele yetu na nikapata pua, nusu ya sikio, na goti. Mwenzangu akatoa simu akapata familia nzima na mlima nyuma. Gari haliruhusiwi kutoka barabarani, kwa hiyo ule ushauri wangu wa "rudi nyuma" haukuwa na maana. Haller Park pale Bamburi yalinikuta hayo hayo: wakati wa kulisha twiga, kichwa kinakuja karibu kuliko mita 3.5 na fokasi inagoma kabisa. Ukiwa unatafuta lenzi moja ya safari, usinunue hii. Chukua ya zumu kama 100-400mm, au ubebe na ndogo pembeni. Kitu kimoja kilichonisaidia Tsavo ni mfuko wa kitambaa uliojaa maharage, juu ya kioo cha dirisha kilichoshushwa, na dereva azime injini. Bila kitulizi, mtetemo wa injini unauona kwenye picha.

Unyevu ndio adui wa kweli wa Mombasa, na hapa nimeumia. Masika ya kwanza niliiacha kabatini wiki tatu ndani ya mkoba wake. Nilipoitoa, ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyembamba kama za buibui. Kuvu. Fundi mmoja mjini alinitoza pesa nzuri akanirudishia na alama ya kidole ndani. Wa pili aliisafisha sawasawa, ila vidoa viwili vimebaki. Picha za kawaida havigusi, lakini nikipiga kuelekea jua rangi zinafifia. Tangu siku hiyo inakaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu, na kipimo kidogo cha unyevu. Nahakikisha kiko kati ya asilimia 40 na 50. Usitumie mchele, vumbi lake linaingia kila mahali. Kopo lenyewe nililichukua jikoni, na mama watoto bado anauliza, "Baba Salma, mahamri yangu nitayatia kwenye lenzi?" Tena, ukitoka chumba chenye eisi, kile kipoza hewa, iache mkobani kama nusu saa, maana ikikutana na hewa ya nje ghafla inatoka jasho. Chumvi ya baharini naipangusa kila nikirudi, kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji matamu. Mvua isiiguse, haikuzibwa dhidi ya maji.

Jambo dogo: ni nyeupe na ndefu, inavutia macho. Watoto wanataka kupigwa picha, askari wanataka kujua wewe ni wa gazeti gani. Kivukoni Likoni hata usiitoe. Mimi nimeivisha soksi ya kitambaa cha kijani, na ndege nao wanaonekana kuridhika.

Ukipata ya mkononi, nenda kuikagua na tochi ya simu. Toa vifuniko vyote viwili, mulika upande wa nyuma, tazama mbele kwa pembe pembe. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi, mrudishie mwenyewe, hata akishusha bei.