GMAT bila kulipia darasa: mitihani ya bure na vitabu vya inama

Nitangulize maoni yangu: kitu bora nilichotumia kujiandaa kwa GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya MBA (shahada ya uzamili ya biashara), hakikunigharimu hata shilingi. Ni ile mitihani miwili ya majaribio ambayo GMAC, wenye mtihani wenyewe, wanaitoa bure kwenye mba.com. Unafungua akaunti, basi. Tumia kompyuta, hata ya kuazima, na bando la kutosha ili usikatizwe katikati.

Naisifu kwa sababu ndiyo inayokaribia zaidi kile utakachokikuta siku yenyewe. Sehemu ni tatu, kila moja dakika 45: hisabati maswali 21, lugha 23 na uchambuzi wa data 20. Ukijibu vizuri, maswali yanazidi kuwa magumu, jambo ambalo karatasi za kupiga chapa haziwezi kukuonyesha. Ukimaliza sehemu na muda ukibaki, unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu, ila yasizidi matatu. Kikokotoo unapewa kwenye uchambuzi wa data peke yake. Sisi wahasibu tuliozoea Excel kutwa nzima, kugawanya kwa mkono tena dakika zikiyoyoma kunahitaji mazoezi hasa.

Upungufu wake ni kwamba ni miwili tu. Unaweza kuirudia, lakini maswali mengine utayakuta tena na alama zitakudanganya. Fanya mmoja mapema ujue umesimama wapi, wa pili uuweke hadi tarehe ikikaribia.

Vitabu nilivitafuta kwa wauzaji wa inama, wale wanaotandaza bidhaa kando ya njia pale Tom Mboya na Moi Avenue, katikati ya Nairobi. Hapa macho yawe wazi. GMAT ilibadilishwa Novemba 2023, na mtindo wa zamani ukafungwa rasmi Januari 2024. Insha iliondolewa, maswali ya kusahihisha sentensi yakaondolewa, na jiometri kwenye hisabati pia. Vitabu vingi vya barabarani ni vya kabla ya hapo. Muuzaji aliniambia, "Hiki ni kipya kabisa, madam." Nikamwonyesha mwaka kwenye ukurasa wa ndani. Aliitisha 800, nikakichukua kwa 400, na sijutii, maana hesabu za asilimia na aljebra, ufahamu na maswali ya kupima hoja bado ni yaleyale. Sura ya kusahihisha sentensi niliibana kwa klipu nisiiguse.

Hata maswali ya kuamua kama taarifa zinatosha bado yapo, ila yamehamia uchambuzi wa data. Hayo yapewe muda wako mwingi. Mfano: je, x ni namba chanya? Taarifa ya kwanza: x mara x ni 9. Ya pili: x jumlisha 3 ni zaidi ya sufuri. Ya kwanza peke yake inakuachia 3 au hasi 3. Ya pili peke yake inaruhusu hata hasi 1. Ziweke pamoja, hasi 3 inaanguka, inabaki 3. Hukuombwa kutafuta x, umeombwa kusema kama inawezekana kujua. Anayekimbilia kukokotoa anapoteza dakika.

Pa kusomea, Jumamosi nilikuwa maktaba ya KNLS Buruburu. Fika mapema, kwani watahiniwa wa KCSE hujaza meza, na uende na kompyuta iliyojaa chaji.

Darasa la kulipia nililiulizia mjini, jina nalihifadhi. Karo ilizidi kodi yangu ya nyumba, na kijitabu walichonionyesha kilikuwa bado kinafundisha kusahihisha sentensi. Niliaga kwa heshima.

Pesa hizo ziwekee ada ya mtihani, inayotozwa kwa dola. Kabla ya kulipa, kiandikie chuo unachokitaka uwaulize kama wanakubali GRE, mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili, badala yake, kama chuo cha biashara cha INSEAD wanavyofanya, au kama wanaweza kukusamehe mtihani kwa uzoefu wa kazi. Wakisema ni lazima, usingoje mpaka karo ya MBA ipatikane: alama za GMAT hudumu miaka 5.