Adapta ya Ruta Inalia Usiku: Nimeifungua, Tuutafute Mlio Unatoka Wapi

Habari zenu wadau, leo niko na hii adapta ya ruta, volti 12 ampea 2, nimeitumia wiki tatu sasa na umeme wake sina neno nao, kwenye mita inasoma 12.1 imetulia tu, shida ni kwamba usiku nyumba ikinyamaza inalia tiiiii, mlio mwembamba unaochoma sikio. Mama yangu hausikii kabisa, mwanangu wa miaka 9 anaziba masikio, na wote wako sahihi, masikio yakizeeka sauti za juu ndo zinaanza kupotea.

Sasa cheki hapa. Ruta peke yake imechomekwa, inalia. Naongeza huu mkanda wa taa za LED kwenye waya uleule ili ibebe mzigo zaidi, yaani itoe umeme mwingi zaidi... umesikia? Kimya. Hii ndo dalili kubwa. Adapta kama hizi nyingi zinawasha na kuzima umeme kwenye transfoma kama mara 65,000 kwa sekunde, sikio la mtu linaishia kama 20,000 kwa hiyo husikii kitu, lakini mzigo ukiwa mdogo chip inabana matumizi, inapiga kidogo inapumzika inapiga tena, na hayo mapumziko ndo yanaangukia kwenye sauti tunazosikia.

Anayelia mwenyewe ni nani? Mara nyingi ni wawili. Kuna transfoma au koili, waya na feraiti yake, kile kiini cheusi cha sumaku, vikiwa havijashikana vizuri vinatetemeka. Halafu kuna zile kapasita, vifaa vya kutunza chaji, zile ndogo za kauri, za rangi ya kahawia, zile ukizipa umeme unaopanda na kushuka zinajivuta na kujiachia na bodi nzima inageuka spika, kwenye laptop hizo ndo zinasumbua sana.

Nimetumia kijiti cha mshikaki, kikavu, sio bisibisi jamani! Ndani humu kapasita kubwa inabeba kama volti 325, inaua, na hata ukichomoa inaweza kubaki na chaji, kama hujazoea peleka kwa fundi, nasema kwa moyo mmoja. Nikabonyeza kapasita moja moja, hakuna kilichobadilika, kufika kwenye transfoma mlio ukashuka palepale. Tumempata.

Ila kabla ya kupaka chochote angalia kapasita za kopo upande umeme unakotokea, ikiwa imevimba kichwa hiyo ni kubadilisha, usifunike tatizo kwa gundi. Zangu ziko bapa safi.

Gundi ya moto ya bunduki usiweke, joto linailainisha. Silikoni inayonuka siki nayo hapana, inakula shaba. Mimi nimechomoa, nikasubiri, nikapima na mita mpaka volti zikaisha, ndo nikapaka epoksi, gundi ile inayokauka ngumu, kwenye maungio ya feraiti nikaiacha siku nzima.

Kama unanunua ya kuweka chumbani hii sikushauri, mtu hawezi kununua adapta mpya halafu aanze kuipaka epoksi, sebuleni sawa. Haya nachomeka na ruta peke yake, maiki naileta mpaka hapa... imebaki kwa mbali sana, mpaka uiweke sikioni.