Vioo vya taa bafuni: cheti nilichoonyeshwa hakikuwa cha kioo

Dada wa usafi alikuja ofisini kwangu na tambara mkononi akasema, "Meneja, kile kioo cha chumba namba 9 kinanitekenya." Nikacheka. Nikamwambia kioo hakitekenyi mtu. Akasema, "Basi njoo ushike mwenyewe, ila uvue viatu." Nikapanda naye, nikavua, miguu kwenye sakafu yenye maji, kidole kwenye fremu. Haikuwa ile shoti ya kukutupa ukutani. Ilikuwa kama sisimizi wanapita chini ya ngozi hadi kwenye kiwiko. Nikautoa mkono na kicheko kikaishia hapo. (Msirudie upuuzi wangu. Mtu akikwambia kifaa kinatekenya, zima breka kwanza, ubishi baadaye.)

Nasimamia hoteli ndogo Sinza, Dar es Salaam, vyumba 22. Vioo vya taa tuliviweka kwa ajili ya picha, sitaki kujifanya kulikuwa na sababu nyingine. Siku hizi mgeni anachagua chumba akiwa bado kwenye basi, kwa simu, na bafu lenye kioo kinachowaka pembeni linafanana na la hoteli za kifahari za Masaki hata kama marumaru zake ni za kawaida kabisa. Nilinunua vioo 24, yaani viwili vya akiba, kila kimoja shilingi 140,000, kwenye duka moja Kariakoo ambalo silitaji. Sentimita 60 kwa 80, fremu ya aluminiamu, swichi ya kugusa, mwanga wa rangi tatu, na pedi nyuma ya kioo ya kuondoa mvuke.

Kwa sura sina neno. Wageni walivipenda, hasa mabibi harusi.

Na vyeti niliuliza, msidhani sikuuliza. Muuzaji alinitumia faili tatu kwa WhatsApp ndani ya dakika mbili: moja ina CE kubwa juu, nyingine UL, ya tatu imeandikwa IP44, yaani daraja la kuzuia maji. Nikaziangalia kama mtu anavyoangalia hati ya kiwanja iliyoandikwa kwa Kichina, nikaona mihuri ipo, nikalipa. Akilini mwangu CE ni ya Ulaya, UL ni ya Marekani, sasa mimi wa Sinza nibishe nini?

Siku ya mtekenyo nilimwita mzee mmoja fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, siyo yule kijana aliyevifunga. Baada ya shikamoo, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mmevigusa vingapi?" Akazima breka, akahakikisha kwa tesita, akakishusha kioo cha namba 9 na kukilaza kitandani kifudifudi. Mgongo wa kioo ulituambia mengi kuliko zile faili tatu. Waya wa umeme umeingia kwa tundu lililotobolewa kwenye bati, kingo zake kali, hakuna hata mpira wa kuuzuia usichunike. Kiboksi cheupe cha draiva, kile kinachoshusha umeme kwa ajili ya taa, kimebandikwa kwa gundi. Nyaya za pedi ya mvuke zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, na tepu imeshalegea kwa unyevu.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo muuzaji yeyote angeweza kuniambia kwa sentensi moja. Mimi nilidhani kioo chote kinatumia volti 12, kwa hiyo hata kikivuja hakina madhara. Taa ndiyo zinazotumia volti 12 kutoka kwenye draiva. Pedi ya mvuke, kwenye vioo hivi na vingine vingi, inapokea volti 230 moja kwa moja kutoka ukutani, na imebandikwa mgongoni mwa kioo ambacho mgeni anakifuta kwa kiganja chenye maji. Mzee akatoa kipimo cha insuleshoni, yaani cha kuona kama nyaya zinavujisha umeme, mafundi wanakiita mega, akasukuma volti 500. Kwa saketi kama hizi inatakiwa isome angalau megaohmu 1. Ikasoma 0.2. "Tepu hiyo," akasema, basi.

Usiku ule nikazifungua zile faili tatu na kuzisoma kweli, neno kwa neno, simu ikinisaidia kutafsiri.

Cheti cha UL kilikuwa cha kweli. Hilo ndilo lililoniuma. Namba yake ipo, nikaitafuta kwenye mtandao wao nikaikuta. Lakini kwenye mstari wa jina la bidhaa hapakuandikwa kioo, paliandikwa draiva ya LED. Nikarudi namba 9 na tochi. Kwenye kile kiboksi cheupe kuna alama ya herufi R iliyogeuzwa nyuma ikiwa imeshikana na U. UL, shirika la upimaji la Marekani lililoanza mwaka 1894, wanatumia alama hiyo kwa vipuri tu, vitu vya kwenda kufungwa ndani ya kitu kingine. Kifaa kilichokamilika kina alama tofauti, duara lenye UL ndani, na kwa samani zenye umeme kama vioo vya taa wana kiwango chao kinachoitwa UL 962. Kwa hiyo kilichopimwa ni kiboksi. Tundu lenye kingo kali, tepu, pedi, gundi, hakuna aliyevipima. Ni sawa na kununua daladala kwa sababu betri yake ina garantii.

Na hata kingekuwa kioo kizima, umeme wa Marekani ni volti 120, hezi 60. Wetu ni 230 na 50. Kifaa kinaweza kuwa salama kabisa Chicago na kikaungua Sinza siku ya kwanza.

CE nayo kwa bidhaa za aina hii ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba amefuata sheria za Ulaya. Si lazima maabara huru iwe imekigusa kifaa. Mtengenezaji makini ana ripoti ya vipimo nyuma ya tamko lake. Asiye makini ana printa. Ile faili ya IP44 ilikuwa na picha ya kioo cha duara. Vyangu ni vya mstatili. Sikuendelea kusoma.

Kuna kipimo kimoja kidogo nilichokipenda kwa sababu hata dada wa usafi anaweza kukifanya. Kiwango cha kimataifa cha taa, IEC 60598, kinataka maandishi ya kwenye kifaa yasifutike: unasugua kwa kitambaa chenye maji sekunde 15, kikikauka unasugua tena sekunde 15 kwa kitambaa chenye spiriti ya petroli. Tukajaribu ya maji tu, kioo kikiwa juu ya meza hakina umeme. Stika ilibanduka yote na kubaki kwenye tambara. Dada akanionyesha bila kusema kitu.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana hadi hapa nimemlaumu muuzaji peke yake. Mzee alifungua kiboksi cha ukutani nyuma ya kioo na kukuta waya wa ethi, ule wa kijani na njano, umekatwa mfupi na kukunjwa ndani. Tukafungua vingine. Vyumba 14 kati ya 22 viko hivyo. Wakati wa ukarabati fundi marumaru aliona nyaya zinamsumbua akazipunguza, na fundi umeme wangu wa bei nafuu akaunganisha mbili zilizobaki. Fremu ya aluminiamu isiyo na ethi, umeme ukivuja hauna pa kwenda zaidi ya kwenye mkono wa aliyeishika. Kioo bora kuliko vyote duniani, cha aina inayotegemea ethi, kisingenisaidia kwenye ukuta ule.

Halafu ubao wa umeme. Breka zipo, safi, zimepangwa kwa majina ya vyumba. RCD, kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, hakuna hata moja. Nilikuwa naamini breka itakatika mtu akipigwa shoti. Mzee akanieleza kwa upole wa mtu aliyeeleza jambo hilo mara mia: breka ya ampia 16 inaulinda waya usiungue, mtu anaweza kufa na breka ikiwa imetulia. RCD ndiyo inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika milliampia 30 inakata. Ule mtekenyo wangu ulikuwa chini ya hapo, pengine isingekata, ndiyo maana ethi na RCD vinakwenda pamoja. Tulifunga RCD kwa saketi zote za bafuni na kuvuta ethi upya vyumba 14. Kuna siku mbili hoteli ilinuka vumbi la saruji kama ndiyo kwanza inajengwa, na mgeni mmoja wa chumba cha juu akaomba punguzo. Nikampa.

Kununua mara ya pili nilikwenda kama mpelelezi. Muuzaji wa kwanza niliyempigia nilimuuliza kama jina la modeli kwenye cheti ndilo lililopo kwenye boksi na ndilo lililopo mgongoni mwa kioo. Akanijibu, "Bosi, unanunua kioo au unanunua ndege?" Wa pili aliacha kujibu meseji. Wa tatu, ana ofisi Mikocheni, alinitumia ripoti ya vipimo yenye kurasa zaidi ya 30, na ndani yake picha za kioo kilichofunguliwa mgongo. Niliona pale pale kwamba mtu amekifungua na kukipima chote. Volti 220 hadi 240. Alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, yaani kina insuleshoni mara mbili na hakitegemei ethi. IP44 ya kioo kizima, siyo ya draiva. Namba ya cheti nikaiingiza mwenyewe kwenye mtandao wa maabara iliyokitoa. Sikubofya kiungo alichonitumia yeye. Na cheti cha CoC cha mzigo wake kwa ajili ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, kile cha ukaguzi wa kabla ya mzigo kupanda meli, alikuwa nacho na modeli ilitajwa.

Hiyo IP44 inahitaji maelezo kidogo maana kwetu bafu ni dogo. Tarakimu ya kwanza inazuia vitu vya unene wa kuanzia milimita 1 visiingie, ya pili inazuia maji ya kurushwa kutoka pande zote. Sheria za kimataifa za umeme wa bafuni hugawa bafu kwa kanda, na eneo la hadi sentimita 60 kutoka kwenye shawa linataka angalau hiyo 4 ya maji. Vyumba vyetu vingi, kioo kiko sentimita 45 kutoka kwenye pazia la shawa. Kwa hiyo kwangu haikuwa mapambo. Ila IP44 haimaanishi ukimwagie kioo maji ya mpira. Dada zetu walikuwa na mtindo wa kukiosha kwa shawa ya mkono, na maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Tumeupiga marufuku.

Vilinigharimu 235,000 kimoja, kwa 22 ni shilingi 5,170,000. Mwenye hoteli hakunisalimia vizuri kwa wiki.

Miezi minane sasa. Mwanga ni mzuri, mpole kidogo kuliko vya kwanza. Pedi inachelewa: mgeni anayeoga haraka anatoka kioo bado kina ukungu. Swichi ya kugusa haielewi kidole chenye maji, na mgeni wa makamo akigusa mara tatu anapiga simu mapokezi kwamba taa imeharibika. Tukiwa kwenye jenereta draiva zinatoa mlio mdogo, kama mbu. Kingo za kioo hazijaanza madoa meusi, wakati vile vya kwanza vilianza mwezi wa tatu. Mega inasoma juu kabisa vyumba vyote. Mzee anapita kila baada ya miezi mitatu na kubonyeza kitufe cha kujaribia RCD. Juzi kampuni moja inayotafuta vyumba vya wafanyakazi wake wa muda mrefu ilimtuma mtu wao wa usalama. Alisoma mgongo wa kioo kimoja kwa tochi ya simu, akabonyeza kitufe kwenye ubao, taa za bafuni zikazimika, akaandika kitu kwenye daftari lake, akauliza kifungua kinywa ni saa ngapi.

Duka la kwanza halikurudisha hela. Walikubali kubadilisha kwa vioo vingine vya aina ile ile, nikakataa. Tukavivua draiva, taa na pedi vyote. Kimoja kilivunjika, 16 vikachukuliwa na jamaa wa saluni Mwananyamala, saba bado vipo stoo. Anayetaka kioo tupu, kisicho na umeme, aje na gari lake.