Herufi mbili tu, lipa namba imefika: uzoefu wangu na kamusi binafsi ya Gboard

Nauza vitenge Kariakoo, na siku hizi wateja wengi siwaoni hata sura, wananiandikia tu. Akishachagua, swali ni lilelile: "Dada, nitumie lipa namba." Basi natoka WhatsApp, naingia kwenye picha, natafuta ile ya bango la dukani, nakariri namba, narudi kuiandika. Siku moja nikakosea tarakimu. Mteja akapiga: "Mbona linakuja jina la duka la vifaa vya ujenzi?" Bahati yake alisoma jina kabla ya kuweka namba ya siri.

Kijana wa duka la jirani ndiye aliyenionyesha njia ya mkato. Unaingia mipangilio ya Gboard, ile kibodi ya Google, unafungua Kamusi, halafu kamusi binafsi, unaandika maneno yako na kifupisho chake. Sasa nikiandika "ln", lipa namba pamoja na jina la duka vinatokea juu ya kibodi, nagusa, natuma. Namba ya mita ya umeme wa LUKU, tarakimu zote 11, nimeipa "luku".

Siku ya kwanza haikukubali, nikadhani nimedanganywa. Kumbe nilihifadhi upande wa Kiswahili na kibodi yangu iko kwenye Kiingereza. Weka kwenye lugha zote, yaishe. Kosa jingine: bei ya kitenge niliipa kifupisho "bei". Namuuliza mama mkwe bei ya nyanya huko Morogoro, kidole kikateleza, nikamtumia bei ya kitenge. Akajibu, "Niwekee viwili." Sasa naandika "beix".

WhatsApp Business nayo ina majibu ya haraka, unaanza na alama ya mkwaju, na yanaingia hadi 50. Orodha ndefu za bei nimeziweka huko. Lakini hayatoki nje ya WhatsApp, na wateja wangu wa Instagram ni wengi. Kibodi nahama nayo kote, hadi kwenye meseji za kawaida. Inakwama tu pale panapofunguka kibodi ya tarakimu peke yake, kwa sababu hapo hakuna herufi za kuandika "luku". Pale nabandika.

Namba ya siri sijaiweka humo. Simu hii mwanangu huishika kila jioni, na juzi alikuwa anamwandikia baba yake kwamba luku imeisha, mita yetu ikajitokeza juu ya kibodi.