Mipangilio ya printa kwenye GNOME: chumba kimoja, milango mitatu

Anayetumia Linux kwenye eneokazi la GNOME anaweza kuirekebisha printa yake kwa zana tatu: ukurasa wa printa ulio ndani ya Mipangilio, programu ya siku nyingi iitwayo system-config-printer, na kurasa za CUPS zinazofunguliwa kwa kivinjari kwenye anwani ya localhost:631, yaani ndani ya kompyuta yenyewe. Zote tatu ni nyuso tu za CUPS, mfumo wa uchapishaji uliotolewa mwaka 1999 na ambao Apple nayo iliuingiza kwenye Mac mwaka 2002.

Ukurasa wa Mipangilio ndio mwepesi kuliko zote. Ukishafungua kufuli kwa nenosiri, printa ya kisasa iliyo kwenye mtandao hujitokeza yenyewe, nawe hulazimiki kutafuta draiva (programu ya kuiunganisha kompyuta na printa) wala kukisia toleo lake. Hata hivyo, sifa hiyo si ya GNOME peke yake, kwa kuwa wepesi huu umeletwa hasa na AirPrint ya mwaka 2010 na IPP Everywhere iliyofuata, mbinu za kuchapisha bila draiva ambazo huiwezesha printa kuieleza kompyuta ukubwa wa karatasi inazozikubali, kama ina rangi, na kama huchapisha pande zote mbili.

Kasoro huonekana pale mtumiaji anapotaka jambo moja zaidi. Akitaka kuamua foleni ya kazi za kuchapisha ifanye nini kazi inaposhindikana, yaani ijaribu tena, iifute kazi hiyo au isimame kabisa, ukurasa huo hauna pa kuamulia. Kuna kitufe cha mipangilio ya ziada, nacho humfungulia system-config-printer, yenye sura nyingine na mpangilio mwingine, endapo imesakinishwa. Kwangu mimi huko si kurahisisha, bali ni kumhamishia mtumiaji kazi ya kujua kipi kimewekwa wapi.

Mfano mzuri ni uchapishaji wa pande mbili. Chaguo hilo laweza kuwekwa kwenye foleni kwa ajili ya watumiaji wote, kwenye lpoptions, faili la CUPS la chaguo za mtumiaji mmoja, au kwenye dirisha la kuchapisha la programu husika, na dirisha hilo halisemi thamani inayoonyeshwa imetoka wapi. Tena, printa iliyojitokeza yenyewe ikiongezwa pia kwa mkono, huweza kuonekana mara mbili kwenye orodha, kila nakala ikiwa na mipangilio yake. (Hapo ndipo watu huanza kuilaumu printa isiyo na kosa.)

Kwa printa moja ya nyumbani, ukurasa wa Mipangilio unatosha na ninaupendekeza bila kusita. Kwa ofisi yenye foleni kadhaa, bado ningeisakinisha system-config-printer siku ya kwanza, na ningependa sera ya makosa, yaani uamuzi wa kazi inaposhindikana, iwe jambo la kwanza kuhamishiwa kwenye Mipangilio.