Net::LDAP kwa kusoma onyo la nywila: naipenda, ila chunga sifuri

Nina skripti inayonakili data kila usiku. Inaingia kwenye seva ya saraka (LDAP), ile inayotunza akaunti na nywila, kwa akaunti yake yenyewe, na nywila ya akaunti hiyo ina siku ya kufa kama za watu wengine. Ilikufa mara mbili bila mimi kujua. Mara ya pili nikasema basi, nitaisoma ilani mapema. Kwa kuwa skripti ni ya lugha ya Perl, nikachukua Net::LDAP, maktaba ya Perl ya kuzungumza na seva kama hiyo, pamoja na moduli yake ndogo, Net::LDAP::Control::PasswordPolicy. Sasa ni zaidi ya mwaka natumia.

Kabla ya hapo nilikuwa naendesha ldapwhoami, amri inayoingia kwenye seva na kuuliza mimi ni nani, na kuiongezea -e ppolicy ili iombe habari za sera ya nywila, kisha nachuja jibu kwa grep, chombo cha kutafuta maneno. Inafanya kazi, lakini ni ya kubahatisha. Onyo linatoka upande wa makosa, si upande wa kawaida, huku amri ikimaliza na sifuri kama hakuna lililotokea. Nilihangaika na grep isiyoona kitu mpaka nilipokumbuka kuweka 2>&1 ya kuunganisha pande hizo mbili. Zaidi ya hapo, kutegemea sentensi iliyoandikwa ili isomwe na binadamu ni kukalia kuti kavu.

Moduli hii inakuondolea hayo. Seva ya OpenLDAP yenye ppolicy, yaani sehemu inayosimamia sera ya nywila, haimpi onyo asiyeliomba. Wakati wa kuingia inabidi uambatanishe kontroli, yaani nyongeza ya ombi, yenye namba 1.3.6.1.4.1.42.2.27.8.5.1, na hapa huhitaji hata kuikariri: unaunda kontroli kwa new, unaipitisha kwenye bind, unaitafuta kwenye jibu. Ukiuliza time_before_expiration unapewa sekunde. Asubuhi ya kwanza nilipata 604800, yaani siku saba kamili. Nilifurahi kama mtoto. Na ukipata patupu, usilaumu moduli: kama msimamizi hakuweka pwdExpireWarning (onyo lianze muda gani kabla ya nywila kuisha) kwenye sera, seva haina cha kuonya.

Sasa nieleze jinsi nilivyojichoma. Ukaguzi niliuweka kila baada ya dakika kumi, nikidhani kukagua mara nyingi ndiyo uangalifu. Halafu nikaenda likizo. Nywila ikaisha muda. Sera yetu ilikuwa inaruhusu kuingia mara tano za msamaha baada ya muda kuisha, ile pwdGraceAuthNLimit. Kumbe kontroli hubeba onyo moja tu: ama sekunde zilizobaki, ama idadi ya misamaha. Zikija za msamaha, sekunde hazipo. Skripti yangu ilikuwa inauliza sekunde peke yake, ikakuta hazipo, ikahitimisha mambo ni shwari. Na kila ukaguzi ulikuwa ni kuingia, kwa hiyo kila ukaguzi ulikula msamaha mmoja. Kabla ya saa moja kwisha, mlinzi alikuwa amemaliza akiba yote ya nyumba aliyowekwa ailinde.

Ilipofika mara ya sita, seva ikakataa na msimbo 49, ule ule wa nywila mbaya. Barua pepe niliyoikuta ilisema «nywila si sahihi». Nikaamini. Nilifungua faili la nywila, nikatafuta nafasi iliyojificha mwishoni mwa mstari, nikailinganisha herufi kwa herufi. Nusu siku ikaenda. Sababu ilikuwa imekaa ndani ya kontroli muda wote: pp_error, inayotoa namba ya kosa la sera, ilirudisha 0, na kwenye orodha ya makosa ya sera 0 maana yake ni nywila imeisha muda. Mimi nilikuwa nimeandika if ($kosa). Kwa Perl sifuri ni uongo, kwa hiyo kosa nililokuwa nalisubiri kuliko yote ndilo pekee nisingeweza kuliona. Akaunti kufungwa ni 1, ningeliona. Kutakiwa kubadilisha nywila baada ya kuwekewa upya ni 2, ningeliona pia.

Je, ni lawama ya moduli? Mfano kwenye maelezo yake una defined, inayouliza kama thamani ipo hata ikiwa ni sifuri, kila mahali. Mimi ndiye niliyeifuta nikiona ni mapambo. Hata hivyo naikata nyota moja: mstari mmoja wa kueleza kwa nini defined ipo pale ungeniokoa.

Kwa sasa nakagua mara moja kwa siku, naangalia vyote vitatu, yaani sekunde, misamaha na kosa, na msamaha wowote ukionekana skripti inaacha kabisa kuingia na kunipigia kelele.

Usiinunulie matumaini yasiyo yake, maana ilani humfikia anayeingia tu. Ukitaka kujua nywila za watu mia mbili zitaisha lini, soma pwdChangedTime (nywila ilibadilishwa lini) ya kila mmoja, jumlisha na pwdMaxAge (umri wa mwisho wa nywila). Na pwdChangedTime uitaje kwa jina unapotafuta, kwa sababu ni sifa ya ndani isiyoletwa na utafutaji wa kawaida. Kwenye Active Directory, saraka ya Microsoft, kontroli hii haitakusaidia. Kule nasoma msDS-UserPasswordExpiryTimeComputed, sifa inayosema nywila itaisha lini, na hesabu zake zinaanzia mwaka 1601, jambo ambalo bado linanichekesha.

Nyota nne kati ya tano.